Nani amtunze bibi? Familia, Baitul Mali na daftari la Serikali

Wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo limo ndani ya nyumba zetu nyingi, lakini mara nyingi hatulisemi kwa sauti mpaka ugomvi unapozuka: mzee wetu anapofikia umri wa kutojiweza, ni nani hasa anayepaswa kumtunza, na ni lini anastahiki msaada wa Serikali?

Jambo hili tulikutana nalo tulipokuwa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Kwa wasiopafahamu, Nyashimo ipo kando ya barabara kuu iendayo Musoma kutoka Mwanza, si mbali na Ziwa Victoria, na kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012 sehemu hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Magu. Watu wake ni wakulima wa pamba, mahindi na mpunga, wafugaji na wavuvi. Waislamu si wengi, lakini wanajuana, na ndiyo sababu baada ya Sala ya Ijumaa tuliombwa kuhudhuria kikao cha familia moja katika kijiji cha jirani, ambacho hatutakitaja ili kuwasitiri wenyewe.

Kikao kilihusu bibi mmoja mjane aliyepita umri wa miaka 70. Anaishi na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Magoti yamechoka, macho hayaoni vizuri, na kisima kipo mbali. Mwanawe wa kiume ni fundi magari jijini Mwanza, na binti yake ameolewa Lamadi. Jina la bibi huyo lilikuwa limewahi kutajwa katika mkutano wa kijiji wa kutambua kaya maskini, lakini mtu mmoja akasimama na kusema kuwa huyu ana mtoto mjini, na jina likaondolewa palepale bila ya mtu kuuliza mtoto huyo anapeleka nini nyumbani.

Binti alitaka jina lirudishwe. Mwana wa kiume alikataa katakata. "Mimi ni Mwislamu," alisema, "siwezi kukubali mama yangu aandikwe fukara wa Serikali nami ni hai." Dada yake akamjibu kwa upole: "Kaka, heshima yako haimnunulii mama dawa." Bibi mwenyewe, aliyekuwa amekaa mkekani akisikiliza, alisema maneno machache tu: "Msigombane, wanangu. Mimi ninachoomba ni mtu wa kunitekea maji."

Tuliondoka pale tukiwa na hakika kwamba wote watatu walikuwa na sehemu ya haki, na kwamba familia nyingi za Kiislamu zinahitaji kulifahamu suala hili kwa utaratibu. Basi na tulichambue.

Wajibu wa kwanza ni wa nani?

Kwa upande wa dini yetu hakuna utata. Katika Surat Bani Israil, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwafanyia wema wazazi, na akautaja kwa jina wakati ule wa uzee, mmoja wao au wote wawili wanapofikia kuwa katika mikono ya mtoto. Akakataza hata ile sauti ndogo ya kuonyesha kuchoka. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya msingi huo wakasema kuwa mzazi asiye na uwezo, matumizi yake ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo: chakula, mavazi, makazi, dawa, na hata mtu wa kumhudumia ikiwa hawezi kujihudumia.

Hapo yule ndugu wa Mwanza alikuwa sahihi. Lakini tuangalie sharti lililomo ndani ya hukumu hiyo: mtoto mwenye uwezo. Ambaye kipato chake hakimtoshi yeye na wanawe hatolewi katika wema wa wazazi, kwani kuna wema usiohitaji fedha, lakini sheria haimwambii abebe asichoweza kubeba huku mama akilala na maradhi kwa ajili ya kulinda jina la familia.

Na hapa ndipo inapokuja historia ambayo kila kijana wa Kiislamu anapaswa kuijua. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Kharaj kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee mmoja kipofu akiomba mlangoni mwa watu. Alipomuuliza, akajua kuwa ni Myahudi, na kwamba kilichomfikisha hapo ni uzee, haja na kodi aliyotakiwa kulipa. Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa kitu. Kisha akamwagiza mtunza Baitul Mali amwangalie mzee huyo na wote walio mfano wake, akamwondolea kodi, kwani haikuwa insafu kula nguvu za mtu katika ujana wake na kumtupa uzeeni.

Tuyapime mafunzo ya kisa hicho. Kwanza, Umar alianza na mfuko wake mwenyewe kabla ya kufungua mfuko wa umma. Pili, hakuishia kwa mzee mmoja aliyemwona kwa bahati, bali aliweka utaratibu kwa wote wa hali ile. Tatu, kigezo kilikuwa ni uzee na haja, si dini wala kabila. Nne, hakuiita fedha ile sadaka ya kumdhalilisha mtu, bali aliiona kuwa ni haki ya yule aliyewahi kuchangia kwa jasho lake. Mkulima wa Busega aliyelima pamba kwa miaka 40 naye amechangia nchi hii, hata kama hakuwahi kuwa na hati ya mshahara.

Katiba na Sera zinasemaje?

Wapo wanaodhani kuwa msaada kwa wazee ni hisani ya kiongozi fulani. Sivyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni kweli kwamba ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo muhimu ya mwelekeo wa nchi, ambayo mtu hawezi kuifungulia kesi mahakamani, lakini ni dira ambayo Serikali yoyote inapaswa kuifuata.

Mwaka 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hiyo ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ikatamka kuwa familia itabaki kuwa chombo cha msingi cha matunzo ya wazee, na kwamba kumpeleka mzee katika makazi ya Serikali kuwe ni hatua ya mwisho. Kwa maneno mengine, Sera ya nchi na mafundisho ya dini yetu yanakutana mahali pamoja: nyumbani kwanza.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli ili watu wasisubiri kisichokuwepo. Huku Tanzania Bara hakuna mpango wa Serikali wa kumlipa mtu mshahara aje nyumbani kumwogesha na kumpikia mzee, kama ilivyo katika baadhi ya nchi za Ulaya. Wala hakuna pensheni ya kila mzee asiyewahi kuajiriwa. Kilichopo ni milango mitatu, na kila mlango una sharti lake. Kosa kubwa linalofanyika vijijini ni kuchanganya masharti hayo, mzee akafukuzwa mlango mmoja kwa sharti la mlango mwingine.

Mlango wa kwanza: matibabu

Sera ya mwaka 2003 ilitamka matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaendeleza msamaha huo. Masharti ni mawili tu: umri na kutokuwa na uwezo. Hakuna sharti la kutokuwa na mtoto. Mzee mwenye watoto watano walio maskini kama yeye anastahiki.

Kinachowakwaza wengi ni kuthibitisha. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Pale ambapo hakuna kitambulisho cha Taifa wala kadi ya mpiga kura, huanzwa kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ambao huandika barua ya utambulisho. Umri unaweza kukadiriwa kwa matukio. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alitimiza miaka 60 mwaka 2021. Aliyekuwa tayari ameolewa wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, hana haja ya kubishaniwa. Kaeni na mzee wenu, muulizeni alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Operesheni Vijiji au Vita vya Kagera, andikeni, kisha nendeni na maelezo hayo.

Halmashauri nyingi zimekuwa zikitoa vitambulisho vya matibabu kwa wazee waliotambuliwa, na katika hospitali nyingi limetengwa dirisha la wazee. Vilevile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa hiyo ni vyema kumuuliza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mzee wenu atambuliwe kwa njia ipi, badala ya kungoja mpaka siku ya kumbeba usiku akiwa hoi.

Mlango wa pili: ruzuku ya kaya maskini

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na mengi yanatokana na kutofahamu jambo moja: anayepimwa si mzee, bali ni kaya. Na kaya, kwa lugha nyepesi, ni wale wanaokula chungu kimoja.

Maana yake ni nini? Bibi anayeishi peke yake na wajukuu wadogo hupimwa kwa hali ya nyumba yake. Akihamishiwa kwa mwanawe mwenye duka, atapimwa pamoja na duka lile. Lakini mtoto anayeishi mji mwingine si mmoja wa kaya hiyo. Anachotuma kinahesabika kwa namna kilivyobadilisha maisha ya mama yake, si kwa uvumi wa mtaani. Kwa hiyo yule aliyesimama mkutanoni akasema bibi ana mtoto Mwanza hakutoa hoja iliyotosha. Alipaswa kuulizwa: bibi anakula milo mingapi?

Utaratibu ulivyowekwa ulikuwa na hatua. Mkutano wa kijiji hukubaliana vigezo vya umaskini wa mahali pale na kuwachagua watu wa kukusanya majina. Kisha huja dodoso linalouliza habari za nyumba, ukubwa wa kaya, elimu na mali. Baada ya majibu kuchambuliwa, orodha hurudishwa mbele ya mkutano wa kijiji ithibitishwe. Ndiyo kusema kuwa mkutano ndio penye nguvu, na mzee asiyeweza kutembea hayupo pale kujitetea. Nani atamsemea? Hapo ndipo jirani Mwislamu anapojulikana. Katika mpango huo pia, kaya yenye watu wa kufanya kazi ilitarajiwa kushiriki ajira za muda, ilhali kaya isiyo na mwenye nguvu ilipewa ruzuku bila ya sharti hilo. Mzee asiambiwe akachimbe bwawa.

Mlango wa tatu: makazi ya wazee

Huu ni wa mwisho kwa maana zote. Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza katika mikoa kadhaa. Yanayofahamika zaidi na watu wa Kanda ya Ziwa ni Bukumbi katika Mkoa wa Mwanza, Kolandoto katika Mkoa wa Shinyanga na Nyabange katika Mkoa wa Mara. Baadhi ya makazi ya namna hiyo nchini yalianza kwa ajili ya watu walioathiriwa na ukoma. Anayestahiki ni mzee asiyejiweza ambaye hana ndugu wa kumtunza, na njia ni kupitia uongozi wa kijiji na kata hadi kwa afisa ustawi wa jamii.

Hapa tunasema bila ya kuficha: kumtelekeza mzazi ili aonekane hana ndugu, apokewe makazini, ni kukusanya madhambi mawili, la kukata undugu na la kusema uongo. Zaidi ya hayo ni dhuluma, kwa kuwa kitanda kile kilikuwa cha mzee ambaye kwa kweli hana mtu duniani.

Wenzetu wamefanyaje?

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Mwaka 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, Shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi 50,000, bila ya kuuliza nani tajiri na nani maskini. Mwaka 2020 ikapata na sheria mahsusi ya wazee. Kenya kuanzia mwaka 2018 iliweka Shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wenye miaka 70 wasio na pensheni nyingine. Uganda ilianza katika wilaya chache mwaka 2011, kisha ikaeneza nchi nzima kwa wenye miaka 80. Oman nayo, tangu Januari 2024, huwapa raia wake waliofikisha miaka 60 Riali 115 kila mwezi.

Funzo tunalolipata ni kwamba sharti la umri peke yake ni rahisi na halimfedheheshi mtu, lakini linahitaji fedha nyingi. Sharti la umaskini huokoa fedha, lakini humlazimu mzee kuthibitisha dhiki yake mbele ya watu. Qur'ani katika Surat Al-Baqarah imewataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa matajiri kwa sababu wanajizuia kuomba. Wazee wetu wengi ni wa aina hiyo. Atavaa kanga safi siku ya mkutano, na usafi huo huo ndio utakaomwondoa katika orodha.

Hatari ya upweke

Kwa wenzetu wa Usukumani lipo jambo jingine zito. Kwa miaka mingi maeneo haya yamehuzunishwa na mauaji ya vikongwe, hasa wanawake, wanaotuhumiwa uchawi eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo unatokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Mzee anayetembelewa kila siku, anayejulikana zahanati, ambaye jina lake limo katika daftari la kijiji na ambaye wajukuu wake huingia na kutoka, si rahisi kuguswa. Aliyetengwa ndiye anayewindwa. Kwa hiyo matunzo ya nyumbani ni ulinzi wa uhai pia.

Imepokewa kuwa Umar (R.A.) alikuwa akienda kumhudumia bibi kizee kipofu pembezoni mwa Madina, akakuta kila mara kazi imekwisha fanywa. Alipovizia kumjua mtu huyo, akamkuta ni Abu Bakr (R.A.), naye ndiye Khalifa wa Waislamu. Mkuu wa dola alikuwa akifagia nyumba ya bibi kizee! Sisi tunaona tabu kumpelekea jirani ndoo ya maji.

Tufanye nini basi?

Tunazishauri familia zikae kikao kabla ya maradhi. Mgawane kazi: huyu fedha za dawa, yule kufua, wajukuu maji. Mwenye uwezo atoe bila ya kungoja Serikali. Asiye na uwezo asione haya kumwandikisha mzazi wake kwa ukweli, kwani haki si aibu. Misikiti nayo iwe na orodha ya wazee wa mtaa wake, na vijana wawili wa kuwasindikiza kwa mtendaji, kwa afisa ustawi na katika mkutano wa kijiji. Na anayekusanya zaka akumbuke kuwa fakiri na maskini ndio waliotangulia kutajwa katika wale wanane wanaostahiki.

Tukirudi kwa familia yetu ya Busega, kikao kile hakikumaliza yote. Ndugu wa Mwanza alikubali barua ya msamaha wa matibabu iombwe, na yeye akaahidi kiasi maalumu kila mwezi, mbele ya mashahidi. Kuhusu orodha ya kaya maskini, waliafikiana kwamba jina lipelekwe tena, naye mwenyewe aje kueleza mkutanoni anachotuma na asichoweza kutuma. Kama litakubaliwa au la, wakati ule hakuna aliyejua.

Lakini tulipokuwa tukiaga, tulimwona akivua viatu, akachukua madumu mawili na kuelekea kisimani pamoja na wanawe wa dada. Bibi alimtazama mpaka alipopotea njiani, kisha akaomba dua ambayo hatukuisikia yote. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoombewa na wazazi wao. Wabillahi tawfiq.